Mgeni Alihubiri Walawi, Mimi Nikatafsiri Mithali

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, au unachungulia gazeti begani kwa jirani, shika hili kwanza: mimi ni mkalimani, watu wananiita Mdomo wa Kukodi, na wiki iliyopita nilifukuzwa kazi hotelini kwa kosa la kusema kweli. Mgeni wa meza ya dirishani aliuliza mpishi kasema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno: "Mpe supu ya jana, hawa hawajui tofauti." Jioni hiyohiyo nikawa mtaani.

Ndipo Mchungaji akaniita. Kanisa halina mkalimani, na Jumapili anakuja mhubiri mkubwa kutoka ng'ambo. Nikamshukuru Mungu kwa magoti yote mawili. Kumbe nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Lugha ya mhubiri huyo, mjini kwetu tunaijua watu wawili tu: mimi na mdogo wangu wa kiume. Tulifundishwa na marehemu baba, aliyekuwa mpishi melini. Mchungaji anajua salamu ya asubuhi, basi, lakini hutikisa kichwa kama aliyezaliwa huko.

Huyo mdogo wangu ndiye mpiga kinanda wa kanisa. Tangu aondoke nyumbani anaishi na Fundi Makufuli, yule anayefungulia mji mzima milango watu wakipoteza funguo. Wana chumba na sebule, paka mmoja asiye na adabu, na kitanda kimoja. Mimi najua, na nimelinyamazia. Mama, nilivyodhani, hajui. Yeye humwita Fundi "mwanangu wa tatu", na anampenda kuliko anavyonipenda mimi, maana Fundi akitumwa dukani hurudi.

Sasa twende Jumapili.

Asubuhi Mchungaji alinivuta chumba cha nyuma, kule yanakotundikwa majoho na kutupwa spika mbovu.

"Leo ni siku kubwa, Mdomo. Mheshimiwa yupo."

Mheshimiwa ni mbunge wetu. Bomba letu la maji limekauka hadi mijusi wamehamia ndani, lakini yeye alisimama bungeni akasema tatizo la taifa hili ni wanaume wanaopenda wanaume. Ameandika muswada wafungwe. Tangu hapo redioni hakuna muziki, ni muswada tu. Huyu anapiga simu kusema Biblia imeshamaliza kesi. Yule anapiga kusema Biblia hiyohiyo imekataza kuhukumu. Mtangazaji anawaomba waache kutukanana, halafu anatukana yeye.

"Mgeni atahubiri juu ya jambo hilo," Mchungaji akaendelea. "Akimaliza, kanisa zima litasimama kuunga mkono muswada. Kisha nitataja majina."

"Majina ya nani?"

Akakohoa kikohozi kisichokuwepo. "Ya wale wawili. Mdogo wako na fundi wake. Nimeletewa habari. Watatoka nje mbele ya watu wote, na vijana wa Mheshimiwa wako mlangoni kuwapokea."

"Kuwapokea vipi?"

"Hilo si la kanisa."

"Mchungaji, Fundi ndiye aliyekutoa ulipojifungia humuhumu ukalia!"

"Sikulia. Na nilimshukuru. Wewe tafsiri tu. Neno kwa neno, usiongeze wala usipunguze."

Vijana wa Mheshimiwa nawajua. Wakati wa kampeni walimpokea bwana mmoja aliyeuliza habari za bomba, na hadi leo anatafuna kwa upande mmoja.

Nikatoka mbio kumtafuta mdogo wangu nimwambie akimbie. Nimechelewa: keshakaa kwenye kinanda, kwaya inaingia. Nikampungia mkono kwa nguvu kuelekea mlangoni. Akadhani nataka apandishe sauti. Akapandisha. Kwaya ilianza juu kiasi kwamba wale mama wa sauti ya kwanza walibaki wanafungua midomo tu.

Mama alikuwa benchi la mbele, miwani puani, Biblia magotini. Fundi Makufuli alikuwa benchi la nyuma kabisa na kisanduku chake cha kazi, maana wateja wake hawajui Jumapili. Mheshimiwa alikuwa kwenye kiti cha peke yake, kile chenye mto.

Mgeni akapanda mimbarini. Mtu mrefu, miguu haitulii. Amekuja na mpiga picha wake, anayerusha ibada nzima moja kwa moja hadi kwao.

Kwa wasiojua, kazi ya mkalimani wa mimbarini haifanani na ya hotelini. Mhubiri akiruka, nawe unaruka. Akilia, unalia. Akinyamaza kuvuta pumzi, hapo ndipo pako, ukichelewa, ameshakuacha. Nafasi ya kufikiri haipo. Ndiyo maana kazi yenyewe inanifaa.

Salamu nilitafsiri sawasawa. Alisema anaipenda nchi yetu, nikasema anaipenda. Alisema chakula chetu kimemkaa vizuri, nikasema kimemkaa.

Kisha akafungua Biblia karibu na mwanzo, akainua kidole, akanguruma kwamba katika Mambo ya Walawi, mwanamume kulala na mwanamume ni chukizo mbele za Bwana.

Akanyamaza. Zamu yangu.

Nikamtazama mdogo wangu. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe na havigusi kitu. Alishaelewa, maana yeye hahitaji mkalimani. Usoni alionekana kama siku ile tuko wadogo, nilipovunja dirisha na yeye akajua atapigwa yeye.

Sasa hapa niwaambie tabia yangu. Tulipokuwa watoto, kila jioni Mama alitusomesha Biblia kwa sauti huku anafuma. Nikifika kwenye zile orodha za fulani akamzaa fulani, mimi naruka hadi kwa Daudi na jiwe lake. Mama hakuinua hata macho. "Umehama kitabu," alisema. "Rudi."

Basi pale mimbarini mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mtumishi anasema," nikapaza sauti, "chukizo mbele za Bwana ni MIZANI YA UDANGANYIFU!"

Mama mmoja wa sokoni akapiga kelele kutoka benchi la katikati: "Amina, baba!"

Si uongo jamani. Imo kwenye Mithali. Nilichofanya ni kuruka vitabu kadhaa.

Ila nilisahau jambo moja. Mheshimiwa, kabla ya ubunge na hata sasa, ni mwenye ghala la nafaka, na mizani ya ghala hilo inajulikana. Ukimuuzia, mbuzi anageuka paka. Ukinunua kwake, paka anageuka mbuzi. Naapa sikumkumbuka. Nilitafuta chukizo lolote lililo mbali na mdogo wangu, nikaangukia lililo karibu na Mheshimiwa.

Mgeni aliposikia ile "amina" akapata moto. Akashika kidole chake kimoja cha shahada, akakilaza kando ya kile kingine, akavitikisa mbele ya kanisa kwa hasira. Akasema hivi viwili Mungu hakuviumba vikae pamoja.

Na mimi lazima nioneshe vidole vilevile! Nikavilaza. Nikavitikisa.

"Mawe mawili ya mizani!" nikasema. "Jiwe la kununulia huku, jiwe la kuuzia kule! Mbona hayalingani?"

"Hayalingani!" soko zima likajibu.

Mheshimiwa akajisogeza kwenye mto wake.

Mgeni akaenda Sodoma. Akaruka, nikaruka. Akaeleza moto ulivyoshuka kwa sababu ya wanaume wa mji ule. Mimi nikachepukia kwa nabii Ezekieli, ambaye ana maelezo yake kuhusu Sodoma: walishiba, wakastarehe, wakajivuna, na maskini hawakumshika mkono.

"Matumbo yao yalikuwa makubwa!" nikaongeza. Hilo la matumbo sikulitoa kwa Ezekieli. Lilinitoka tu, kwa kuwa nilikuwa nikitazama mbele.

Kanisa lote likatazama tumbo la Mheshimiwa. Yeye mwenyewe akalitazama.

Kufika kwa Paulo na Warumi sikuhama hata. Nilibaki kwenye sura ileile aliyoisoma Mgeni, ila nikaanzia mkiani, kule Paulo anakowataja wasengenyaji, wenye majivuno, na wanaovunja ahadi zao.

"Waliahidi!" nikanguruma.

"Bomba!" akajibu yule mama wa sokoni.

Mchungaji alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha muda wote. Sasa kichwa kikasimama. Akaniinamia sikioni.

"Mdomo, mbona hajafika kwenye jambo lenyewe?"

"Anazunguka, Mchungaji. Wakubwa huzunguka."

"Mbona anamtazama Mheshimiwa?"

"Upako."

Na kweli Mgeni alikuwa anamtazama Mheshimiwa, kwa kuwa aliambiwa huyo ndiye shujaa wa muswada. Alimnyooshea mkono, akasema: huyu hapa, mtu wa Mungu, anajua vizuri ninachosema!

Hiyo nilitafsiri neno kwa neno. Ndipo mambo yalipoharibika.

Mheshimiwa alisimama. Uso umelowa. Mgeni huyu alishuka uwanja wa ndege jana. Angejuaje habari za mizani kama si kwa kufunuliwa? Akapiga hatua, magoti yakakunjika, akaanguka mbele ya mimbari kishindo kikasikika hadi kwenye spika.

"Ni mimi!" akalia. "Mtumishi, nimeonekana! Nimefanya tangu ujana wangu! Nilianza kidogo kidogo, nikaona hakuna anayenikamata!"

Kanisa likalipuka. Watu walipanda juu ya mabenchi waone.

Mgeni akanigeukia, macho yamemtoka. "Anasema nini?"

"Anatubu."

"Anatubu nini?"

Wasomaji wangu, jiwekeni pale. Nikisema mizani, atauliza mizani imetoka wapi, na Mchungaji atajua, na majina yatasomwa. Mlangoni nawaona wale vijana wananyoosha shingo.

"Muulize," Mgeni akasisitiza, "anatubu dhambi hii niliyoihubiri?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Hiyohiyo uliyoihubiri."

Mgeni alimshika Mheshimiwa kichwa kwa mikono yote miwili. Alilia machozi ya kweli. Kisha akamgeukia mpiga picha, akawatangazia watu wa kwao, nchi hadi nchi, kwamba mbunge aliyeandika muswada huu, baba wa watoto, ameungama leo hii kwamba yeye mwenyewe amekuwa akilala na wanaume tangu ujana wake.

Kwenye kinanda ikalia noti moja mbaya sana.

"Anasemaje?" Mheshimiwa akauliza kutoka chini, kwa matumaini.

"Anakusifu kwa ushujaa wako."

"Asante, mtumishi! Asante!" Akapunga mkono kwa kamera.

"Sasa muulize," Mgeni akasema kwa upole, "alikuwa na nani?"

Nikamwinamia. "Mheshimiwa, anauliza ulishirikiana na nani."

Mheshimiwa hakusita hata kidogo. Akanyoosha kidole kwa Mchungaji.

"Yule pale! Mahindi yote ya msaada wa kanisa yalipita kwenye mizani yangu, na yeye anajua!"

"Mimi nilishika gunia tu!" Mchungaji akapiga yowe. "Mara moja! Na yeye ndiye aliyenishawishi!"

Mgeni alitazama kidole. Akamtazama Mchungaji aliyekuwa anatetemeka. Hakuhitaji mkalimani tena. Akajifunika mdomo kwa mkono. Halafu akawasogeza wote wawili karibu, akawashikanisha mikono, akawaapisha mbele ya kamera kwamba hawatakaribiana tena maisha yao yote.

"Msionekane ghalani pamoja," nikatafsiri.

"Hatutaonekana," wakajibu kwa pamoja, wameshikana mikono.

Nilicheka. Nakiri nilicheka, nikajifanya ni kilio cha toba. Nilishinda! Orodha ya majina imekufa mdomoni mwa Mchungaji, muswada umekaa sakafuni unalia, na vijana wa mlangoni wameduwaa hawajui wampokee nani. Nikamtazama mdogo wangu nimkonyeze.

Hakuwa anacheka.

Nikasikiliza kwa nini. Mgeni alikuwa bado anaongea na kamera, hajaniachia nafasi ya kutafsiri. Anawaambia watu wa kwao: zitazameni nyuso hizi mbili. Hivi ndivyo walivyo, watu hawa. Waongo. Wachafu. Hata machozi yao si ya kuaminika. Wafungiwe mbali na watoto, na mama zao wawasahau.

Mheshimiwa anatabasamu, hajui. Mchungaji anatikisa kichwa, hajui. Tunaojua ni wawili.

Mdogo wangu akasimama kwenye kinanda.

"Kaa," nikamwambia kwa midomo tu. Safari hii alinielewa vizuri. Hakukaa.

Akaja hadi mimbarini, akasimama karibu nami, kama tulivyokuwa tukisimama kusoma mbele ya Mama.

"Kaka," akaninong'oneza, "umenificha vizuri. Nimekaa pale najizuia nisicheke hadi mbavu zinauma. Lakini sikiliza anachosema."

"Anamsema Mheshimiwa. Mwache amseme! Huyu ndiye alitaka ufungwe!"

"Hamsemi Mheshimiwa. Mheshimiwa ni mwizi wa mahindi tu. Anayesemwa pale ni mimi. Ni Fundi. Na anaambiwa Mama atusahau."

"Vijana wako mlangoni, mdogo wangu. Nakuomba."

"Nawaona." Akanishika mkono uliokuwa na kipaza sauti. Nilitaka kukikatalia kile kipaza sauti, Mungu ananiona, nilikibana kama mtoto aliyebana peremende. Alinifungua kidole kimoja kimoja bila kunikasirikia, akakichukua.

Akamgeukia Mgeni. Akasema kwa lugha ya Mgeni, taratibu, kama baba alivyotufundisha:

"Hawa uliowashika ni wezi wa mizani. Unayemtafuta ni mimi, na yule aliyekaa nyuma na kisanduku ndiye mtu wangu. Sisi tunatazamana machoni. Sema tena, uniambie mimi."

Mgeni alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege, hakikutoka kitu.

Watu hawakuelewa neno, lakini kila mmoja aliona mhubiri amezimwa na mpiga kinanda. Kule nyuma kabisa, Fundi Makufuli, ambaye naye hajui hata salamu ya lugha ile, alisimama taratibu na kisanduku chake. Sijui alielewaje. Alisimama tu.

"Kasema nini?" watu wakaanza kunong'ona. "Kasema nini huyu?"

"Nimesamehewa?" Mheshimiwa akauliza kutoka chini.

Mchungaji akanishika bega. "Mdomo! Tafsiri!"

Mlangoni wale vijana wakaacha kuegemea ukuta.

Akili ikakimbia huku na huku. Nikapata: nitasema ameomba wimbo wa kufunga. Nikaona naweza. Nikavuta pumzi.

Ndipo Mama akasimama benchi la mbele.

Alishusha miwani, akaitia kwenye Biblia yake kuweka alama, akaifunga. Alimtazama mdogo wangu kwanza, kwa muda mrefu. Akageuka akatazama nyuma, kwa Fundi. Mwisho akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, na kanisa zima likasikia bila spika, "mgeni alipoanza, alifungua Biblia yake karibu na mwanzo. Mithali iko katikati. Nilinyamaza nione utaishia wapi."

"Mama..."

"Sasa nataka kusikia mdogo wako kasema nini. Yote. Na safari hii usihame kitabu."